Lugha, Hatari na Sheria: Ulinganishi wa Makosa ya Mtandao Tanzania na Kenya

1.0 Utangulizi

Tarehe 1 Septemba 2015 Sheria ya Makosa ya Mtandao (Na. 14 ya 2015) ilianza kutumika Tanzania. Takriban miaka mitatu baadaye, tarehe 16 Mei 2018, Rais wa Kenya alitia saini Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao (Na. 5 ya 2018). Sheria zote mbili ziliandikwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, watu zinaowahusu hutuma fedha, hudanganywa, hulalamika polisi, na wengi wao hujitetea mahakamani, kwa Kiswahili.

Madhumuni ya makala hii ni kulinganisha hatari zinazowakabili watumiaji wa simu na kompyuta katika nchi hizi mbili, pamoja na kanuni zilizowekwa kuzikabili, kwa jicho la mwanaisimu. Wanasheria wamekwisha kuziandikia sheria hizi kwa mapana. Ambalo halijatazamwa vya kutosha ni kwamba kosa la mtandao, aghalabu, ni tendo la lugha kabla ya kuwa tendo la mashine: mtu hushawishiwa, huitwa kwa jina lake, huamriwa. Aidha, marekebisho ya sheria yaliyofanywa Tanzania mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na hivyo kazi ya kuzitafsiri sheria zilizotungwa kwa Kiingereza ikawa ya lazima. Nchini Kenya, ambako Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, mahakama za chini zinaruhusiwa kutumia Kiingereza au Kiswahili. Kwa hiyo istilahi si suala la mapambo katika pande zote mbili za mpaka.

2.0 Tatizo la majina

Neno mtandao limetokana na kitenzi tanda, chenye dhana ya kuenea na kufunika, na ni ndugu wa utando na tandabui. Kwa asili yake ni neno zuri kwa dhana ya vitu vingi vilivyounganishwa. Tatizo ni kwamba limebebeshwa mizigo mingi. Mtanzania akiulizwa anatumia mtandao gani atataja kampuni ya simu. Akisema mtandao uko chini, ana maana ya mawasiliano ya intaneti au ya benki. Akisema habari fulani imesambaa mitandaoni, anakusudia majukwaa ya kijamii. Sheria ya 2015, kinyume na jina lake la Kiswahili linavyodokeza, inagusa pia kompyuta isiyounganishwa na chochote: mtu akiingia bila idhini katika mashine iliyofungiwa ofisini, amekwisha kutenda kosa. Jina la sheria ya Kenya, kwa kuitaja kompyuta waziwazi, lina uaminifu zaidi kwa yaliyomo, ingawa Wakenya wenyewe hawajaafikiana kama chombo hicho kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi.

Mzigo mkubwa zaidi umewekwa juu ya udukuzi. Katika matumizi ya zamani, dukua na dukiza yalihusu kuchunguza au kusikiliza mambo ya siri ya watu. Mdukizi alikuwa mtu anayesimama dirishani. Leo vyombo vya habari vya nchi zote mbili huliita kila tendo baya la kompyuta udukuzi. Sheria zenyewe hazifanyi hivyo. Sheria ya Tanzania inatenga kuingia bila idhini (kifungu cha 4), kubaki ndani ya mfumo baada ya ruhusa kwisha (kifungu cha 5), kunasa mawasiliano (kifungu cha 6), kuingilia data (kifungu cha 7) na kuvuruga mfumo (kifungu cha 9). Sheria ya Kenya nayo inatenga kuingia bila idhini (kifungu cha 14), kuingia kwa nia ya kutenda kosa jingine (kifungu cha 15), kuingilia mfumo (kifungu cha 16) na kunasa (kifungu cha 17). Katika makosa yote haya ni kunasa peke yake kunakolingana na maana ya asili ya kudukua. Mengine yameingizwa humo na waandishi wa habari waliokuwa na haraka, jambo ambalo halistahili lawama kwao, kwani wataalamu wa istilahi hawakuwapa neno jingine kwa wakati.

Athari ya utata wa namna hii huonekana hata katika takwimu. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitangaza kuwa kituo chake kiligundua matukio ya matishio yapatayo bilioni 2.5 kati ya Januari na Machi 2025. Katika mazungumzo ya kawaida tarakimu hiyo hugeuka kwa urahisi kuwa mashambulizi. Lakini tishio linaloweza kuhesabiwa na mashine ni pamoja na jaribio la kubisha mlango uliofungwa, na mlango mmoja unaweza kubishwa mara elfu kwa dakika. Anayelinganisha nchi mbili kwa tarakimu za aina hii, pasipo kuuliza nomino iliyohesabiwa ina maana gani, analinganisha kamusi na si hatari.

3.0 Hatari zenyewe

3.1 Ujumbe wa "ile pesa"

Hakuna Mtanzania mwenye simu asiyeujua ujumbe huu: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Mara nyingine hufuatiwa na maelezo ya jina litakalotokea mtumaji akiingiza namba hiyo. Ujumbe huu unastahili kutazamwa kwa makini, kwani ni kazi ya lugha iliyokamilika.

Kwanza, kuna kionyeshi kilichotangulia nomino. Ile pesa si sawa na pesa ile. Katika Kiswahili kionyeshi kinachotangulia aghalabu hudokeza kuwa kitu kinachotajwa kinajulikana tayari na msemaji na msikilizaji. Ujumbe hausemi kuna deni. Unachukulia kuwa deni lipo. Pili, kitenzi ni cha amri na hakina kiambishi cha mtendwa. Ingetarajiwa itume, kwa kuwa pesa imekwisha kuwa mada. Udondoshaji huo unaleta mkato wa watu waliozoeana, mfano wa ndugu aandikaye akiwa ndani ya daladala. Tatu, na hili ndilo kuu, hakuna mtajwa. Ujumbe hupelekwa kwa maelfu ya watu, na miongoni mwao hawakosekani wachache ambao dakika hiyo wanasubiri kumpelekea mtu fedha za ada, za kodi ya nyumba au za mchango wa harusi. Hao ndio huijaza nafasi iliyoachwa wazi. Tapeli hahitaji kumjua mtu. Sarufi inamfanyia kazi.

Hapa sheria hupata shida isiyotarajiwa. Kifungu cha 16 cha sheria ya Tanzania, kama kilivyopitishwa, kinahusu kuchapisha taarifa ambayo mtendaji anajua ni ya uongo, ya kudanganya, ya kupotosha au isiyo sahihi. Lakini sentensi ya amri haina ukweli wala uongo. "Tuma" haiwezi kukanushwa kwa kusema si kweli. Kilicho cha uongo ni dhanio lililofichwa ndani ya ile. Sheria ya Kenya ina kifungu maalumu, cha 30, dhidi ya ujumbe wa kumnasa mtumiaji, na adhabu yake ya awali ilikuwa faini isiyozidi shilingi 300,000 au kifungo kisichozidi miaka mitatu au vyote viwili. Ila kifungu hicho kilitungwa kwa ajili ya ujumbe unaomshawishi mtu atoe taarifa zake binafsi au unaotafuta njia ya kuingia katika mfumo. Ujumbe wa "ile pesa" hautafuti taarifa wala njia, unatafuta pesa.

Mwendesha mashtaka hulazimika, basi, kurudi kwenye vifungu vya ulaghai, vikiwamo vile vya kale. Kanuni za Adhabu za nchi hizi mbili, zote zikiwa zimerithiwa kutoka utawala wa Kiingereza, zina kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu (vifungu vya 301 na 302 Tanzania, 312 na 313 Kenya). Udanganyifu huo unafafanuliwa kuwa ni kuliwasilisha jambo lisilo la kweli kwa maneno, kwa maandishi au kwa mwenendo. Neno mwenendo ndilo linaloweza kumnasa tapeli wa "ile pesa". Ni ajabu kiasi kwamba lugha ya kisheria iliyoandikwa kabla ya simu za mkononi inakifikia kitendo ambacho lugha ya 2015 na 2018 inakikaribia kwa shida.

Nchini Kenya mtindo uliozoeleka ni tofauti. Ujumbe huigiza taarifa rasmi ya huduma ya fedha kwa simu, ukionyesha kuwa mpokeaji ameingiziwa kiasi fulani. Mara hufuatia simu ya mtu mwenye sauti ya huzuni, akieleza kwa Kiswahili kwamba amekosea nambari na kuomba arudishiwe. Hapo kuna uongo ulio wazi, unaoweza kuthibitishwa kwa kuangalia salio. Tofauti hii ina historia yake. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, na Wakenya walikuwa wa kwanza kuizoea rejesta ya taarifa za muamala, yenye fomula zake na mpangilio wake usiobadilika. Fomula huigika kwa wepesi. Tapeli wa Tanzania anaigiza jamaa. Wa Kenya anaigiza mashine kwanza, kisha mtu.

Taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zimeitaja mara kadhaa mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa ndiyo inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu, na wananchi wameelekezwa kupeleka namba za matapeli kwenye 15040. Mpelelezi mwenye sikio la lahaja angeweza kupata zaidi ya namba: hela au pesa, namba au nambari, ni dalili ndogo zinazoonyesha ujumbe umeandikwa na mtu wa upande gani wa mpaka.

3.2 Laini na alama za vidole

Aina nyingine ya hatari ni kuhamishwa kwa laini. Mhalifu hukusanya jina kamili, namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa ya mtu, kisha humshawishi au humhonga mhudumu ili namba ihamishiwe kwenye kadi mpya. Simu ya mwenyewe huzimika mawimbi. Ujumbe wa uthibitisho wa benki hufika kwa mwizi. Tanzania ilijibu kwa usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Hatua hiyo ilipunguza laini zisizo na mwenyewe, lakini ilizaa hila mpya: wakala anayemwambia mteja aweke kidole mara ya pili kwa kisingizio kwamba cha kwanza hakikusoma, kumbe anasajili laini nyingine. Ndiyo sababu wananchi huhimizwa kupiga *106# ili kuona ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao.

3.3 Dola kama mhanga

Tarehe 30 Juni 2023 serikali ya Kenya ilizindua kwa shangwe huduma zaidi ya 5,000 katika jukwaa la eCitizen, kwa jina la "Gava Mkononi", ambamo Kisheng kilipewa heshima ya nembo ya serikali. Haukupita mwezi. Mwishoni mwa Julai 2023 jukwaa hilo lilizidiwa na wimbi la maombi bandia. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika, na wasafiri wakakwama bila viza za kielektroniki. Waziri mhusika alikiri shambulio na kusema hakuna data iliyopotea. Oktoba 2024 Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan kwa kuliendesha kundi hilo. Katika tukio hili hakuna aliyeingia popote wala kusikiliza siri ya mtu. Mlango ulizibwa tu kwa msongamano. Magazeti, hata hivyo, yaliandika udukuzi.

Tukio la Tanzania la 20 Mei 2025 lilikuwa la aina nyingine. Akaunti ya Jeshi la Polisi katika mtandao wa X ilitekwa na kuwekewa maudhui machafu na habari ya uongo kuhusu kifo cha Rais. Siku hiyohiyo X ikaacha kupatikana nchini. Kwa Kenya hatari ilikuwa kukosekana kwa huduma, kwa Tanzania ilikuwa kutekwa kwa sauti. Kwa jinsi tukio hilo lilivyofuatiwa na kuzimwa kwa jukwaa zima, mtumiaji wa kawaida alipoteza njia ya mawasiliano mara mbili. Makala hii inaona kwamba kuzimwa kwa mawasiliano, iwe Dar es Salaam au Nairobi, hapana budi kuhesabiwa miongoni mwa hatari, na si miongoni mwa tiba peke yake.

4.0 Kanuni na maneno yake

4.1 "Isiyopungua" na "isiyozidi"

Tofauti kubwa kuliko zote kati ya sheria hizi imo katika vitenzi viwili vidogo. Anayepatikana na hatia chini ya kifungu cha 16 cha Tanzania alipangiwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kifungu cha 22 cha Kenya, kama kilivyopitishwa 2018, kilitaja faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Msomaji wa haraka huona "milioni 5" kwa "milioni 5" na kudhani mizani iko sawa. Kwanza fedha si moja: shilingi ya Kenya imekuwa na thamani ya takriban shilingi 20 za Tanzania, hivyo dari la Kenya linakaribia milioni 100 za Tanzania. Pili, moja ni sakafu na nyingine ni dari. Hakimu wa Kenya aliweza kumtoza kijana aliyekosa kwa ujinga shilingi elfu chache na kumwachia. Hakimu wa Tanzania alifungwa mikono: chini ya milioni 5, au chini ya miaka mitatu, hakuruhusiwa kushuka.

4.2 Uongo na ubunifu

Vivumishi vinne vya kifungu cha 16 (ya uongo, ya kudanganya, ya kupotosha, isiyo sahihi) si visawe. Viwili vya kati vina nia ndani yake. Isiyo sahihi haina. Mtu anaweza kukosea tarehe bila kumdanganya yeyote. Kinachomwokoa ni masharti mengine ya kifungu, yaani ajue na akusudie, na ni muhimu mfasiri asiyadondoshe kwa kutafuta wepesi wa sentensi.

Kifungu cha 22 cha Kenya kina kivumishi kinachowahusu wanafasihi moja kwa moja: kinataja data ya uongo, ya kupotosha, au ya kubuni, ikichapishwa kwa kusudi kwamba ichukuliwe au itendewe kazi kama ya kweli. Katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili, kubuni ndiyo kazi yenyewe. Bunilizi ni tanzu. Kusudi lililotajwa humtoa hatiani mtunzi wa kawaida. Lakini riwaya iliyoandikwa kwa umbo la barua au shajara huishi kwa kujifanya hati ya kweli, na tashtiti inayosambazwa simuni hupoteza jalada lake njiani. Mahakama Kuu ya Kenya ilikwisha kuonyesha hadhari juu ya maneno mapana: Aprili 2016, katika shauri la Geoffrey Andare, ilikibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano kwa sababu, pamoja na mengine, maneno yake kuhusu ujumbe wa kukera au wa utovu wa adabu hayakuwa na mpaka unaoeleweka. Sheria ya 2018 ilikutana na njia hiyohiyo. Tarehe 29 Mei 2018 vifungu 26 vilisimamishwa kufuatia ombi la chama cha wanablogu. Tarehe 20 Februari 2020 Mahakama Kuu ikalitupa ombi hilo. Marekebisho yaliyotiwa saini Oktoba 2025 nayo hayakukaa wiki mbili kabla ya Mahakama Kuu kusimamisha kwa muda sehemu ya kifungu cha 27 kuhusu unyanyasaji wa mtandaoni.

4.3 Nani atoe amri

Chini ya vifungu vya 31 na 32 vya sheria ya Tanzania, kama vilivyopitishwa, mkuu wa kituo cha polisi au ofisa wa ngazi inayolingana aliweza kuamuru upekuzi, ukamataji wa vifaa na utoaji wa data. Sheria ya Kenya, kuanzia kifungu cha 48, inamtaka polisi aende kwanza mahakamani kuomba hati. Umuhimu wa tofauti hii ulidhihirika Desemba 2016, waendeshaji wa jukwaa la JamiiForums waliposhtakiwa Dar es Salaam katika mvutano uliohusu kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake.

5.0 Taarifa binafsi na kazi ya mfasiri

Kenya ilitangulia katika ulinzi wa taarifa binafsi kwa sheria ya Novemba 2019. Tanzania ilifuata kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Istilahi zao zimekwisha kuachana. Anayeamua data itumikeje, Kenya huitwa mdhibiti wa data, Tanzania mkusanyaji. Mkusanyaji linaeleweka kwa kila mtu, ila linamficha yule asiyekusanya kwa mkono wake bali huamua. Mdhibiti linamfichua, lakini linagongana na mdhibiti mwenye maana ya mamlaka ya serikali.

Kwa vile Kiswahili cha sheria za mtandao kinajengwa sasa, mahali penye uzito kuliko pote ni pale shtaka linaposomwa. Mwaka 1973, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu unaofuatwa hadi leo Tanzania na Kenya: shtaka pamoja na viambato vyake vyote muhimu yaelezwe kwa mshtakiwa katika lugha yake au lugha anayoielewa, na jibu lake liandikwe, kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yake mwenyewe. Mshtakiwa akiambiwa kwamba alidukua simu ya mwenzake, naye akakiri, bado haijulikani amekiri nini: kwamba aliifungua bila ruhusa, kwamba alisoma ujumbe uliokuwa ukipita, au kwamba alifuta alichokikuta humo. Katika sheria ya Tanzania hayo ni makosa chini ya vifungu vya 4, 6 na 7. Katika ya Kenya ni vifungu vya 14, 17 na 16. Karani akiandika tu "nilidukua", hakimu hana kifungu cha kumtia hatiani.